Mpagazi wa Kwanza Kutolewa

Nilijifunza kucheza eshek, mchezo ambao vitabu vinauita sataranji, katika dispensari ya mgodi wa bati upande wa Walikale, juu ya kifuniko cha sanduku la dawa. Aliyenifundisha alikuwa muuguzi wa pale, mtu wa makamo, mwembamba, ambaye mikono yake ilinuka sabuni hata Jumapili. Yeye naye alifundishwa na padri mmoja mzee aliyemhudumia kitandani misioni. Padri alipokufa, muuguzi alibaki na mchezo kichwani bila mtu wa kucheza naye, mpaka nilipofika mimi, karani mpya kutoka milima ya Masisi, na kalamu mbili mfukoni, na hasira nisiyojua ni ya nani.

Ubao tuliuchora kwa makaa. Wale wakubwa wa mstari wa nyuma aliwachonga mwenyewe, na wale wadogo wanane wa mbele vilikuwa vizibo vya chupa, nusu vimechovywa katika dawa ya zambarau ya vidonda. Mfalme alimwita mwami. Yule anayekimbia kimshazari, ambaye Wafaransa wanamwita mwenda wazimu, alikuwa kichaa. Vizibo aliviita wapagazi.

"Papa, juu ya nini wapagazi?" nilimwuliza; kwetu mtu wa umri wake huitwa papa, yaani baba.

"Angalia vile wanatembea. Mbele tu, hatua moja, hatua moja. Kurudi nyuma hakuna. Na wakikufa mapema, hakuna muntu anauliza."

Alisema hivyo akitabasamu, kisha akainuka kwenda kumpa dawa mchimbaji aliyekuwa akikohoa kwenye benchi. Benchi lile halikuwa tupu hata siku moja. Watu walikuja na matope mekundu mpaka magotini, wakakaa bega kwa bega, wakakohoa kwa zamu, na mvua ikajibu juu ya mabati. Mimi nilikulia Burungu, huko Masisi, ambako ukisimama mlangoni unaona mlima nyuma ya mlima, na ng'ombe wa upande wa pili wa bonde ni wadogo kama punje za maharagwe. Katika msitu wa Walikale nilijiona kama mtu aliyefungiwa ndani ya gunia. Mbele ya macho palikuwa na mti, na nyuma ya mti palikuwa na mti.

Labda ndiyo sababu nilicheza vile. Sikuweza kungoja. Nilimtoa malkia mapema, nikawarusha farasi mbele kabla hawajapata msaada, na nikimwona mwami wa mwenzangu mahali pa wazi damu ilinipanda kichwani.

"Kaka," muuguzi alikuwa akisema, "unacheza sawa muntu nyumba yake inaungua."

"Na wewe unacheza sawa muntu anangoja mahindi ikauke."

"Nani anashinda?"

"Wewe."

"Basi, panga tena."

Lakini hakunikataza ukali wangu. Alisema kila mtu anazaliwa na mwendo wake, na kosa la vijana si kushambulia, ni kushambulia kupitia mlango usiowafaa. Kwa hiyo alinifundisha mianzo, yaani namna ya kuufungua mchezo, zile hatua tano au sita za kwanza ambazo huamua kama mchana wote utakuwa wa mapanga au wa maneno. Mwanzo nilioupenda kuliko yote ulikuwa huu: mpagazi wa mbele ya mwami anakwenda hatua mbili, adui anajibu vivyo hivyo, na hapo hapo, katika hatua ya pili, unamtoa mpagazi wa jirani yake aliwe bure. Unampa. Adui akishamla, njia zinafunguka, kichaa anatoka, farasi anatoka, na vita vinaanza kabla mwenzako hajakaa vizuri kwenye kiti. Nilipouona mara ya kwanza nilicheka kwa sauti. Nilidhani dunia nzima ingeweza kuchezwa hivyo.

Nilipopata likizo mwaka ule, nilibeba ubao mpaka Burungu nikamwonyesha baba yangu. Baba alikuwa mkulima wa maharagwe na mihogo, mtu wa kanisa, mwenye bega la kulia lililokuwa chini kuliko la kushoto. Wakati wa vita vya Wazungu alichukuliwa pamoja na wanaume wengine wa kilima chetu kubeba mizigo msituni. Alikaa huko karibu miaka miwili. Alirudi na sugu begani, ngumu kama kwato, na kikohozi ambacho mama alikitegea sikio kuliko sauti yake. Njia ya kutoka Walikale mpaka kwetu aliijua kwa nyayo: mahali pa kutua mzigo, mahali pa kunywa maji, mahali ambapo mwenzake fulani aliketi na hakuinuka tena.

Aliinama juu ya ubao muda mrefu.

"Hawa wadogo ni banani?"

"Wapagazi, Papa."

"Wanarudi?"

"Hawarudi. Wanakwenda mbele tu."

Akacheka kwa kikohozi. "Basi muntu alitunga hii muchezo alitembea na sisi. Na mumoja akifika kule mwisho?"

"Akifika mwisho anageuka malkia, ao chochote unataka."

"Aaa." Akamtazama mama, akatikisa kichwa. "Pale njo uongo yake inaanza."

Nikamwonyesha mwanzo wangu, ule wa kumtoa mpagazi katika hatua ya pili. Hakucheka tena. Alikichukua kizibo kilicholiwa, akakishika kati ya vidole viwili, akauliza, "Huyu alifanya nini?" Nikaeleza habari za njia kufunguka, za farasi na kichaa. Aliniacha nimalize. Kisha akakirudisha kizibo pembeni ya ubao, taratibu, akakisimamisha wima.

Miezi michache baadaye shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alitokea mgodini akiwa amelowa, siku ya Alhamisi. Alikuwa ametembea siku nne.

"Papa iko mubaya," alisema. "Hakuli. Anakuita. Ukichelewa hautamukuta."

Nilikwenda siku ile ile kwa msimamizi wa mgodi kuomba karatasi ya ruhusa. Bila karatasi ile mtu wa mgodi hakuweza kupita. Askari walikuwa Pinga, kwenye njia ya kwetu, na wachimbaji wawili waliotoroka walikuwa wamerudishwa wamefungwa kamba moja, wakachapwa fimbo mbele yetu sote tukiwa tumepangwa mistari. Msimamizi alikuwa Mzungu mpole wa sauti, mwenye upara, aliyechoka na msitu. Alikuwa amesikia kwamba dispensari kuna watu wanaocheza, na kwa kuwa hapakuwa na Mzungu mwingine karibu aliyeujua mchezo, alikuwa akiniita barazani kwake Jumapili baada ya misa. Tulikuwa tumecheza mara sita. Nilikuwa nimeshindwa mara sita.

"Kila karani ana baba mgonjwa," alisema. "Ngoja mwezi uishe."

"Bwana, mwezi ukiisha atakuwa amekufa."

Alinitazama, akageuza penseli yake, na nikaona wazo likimjia kama mtu anayekumbuka kwamba kesho ni sikukuu.

"Jumapili," alisema. "Ukinishinda, Jumatatu unakwenda. Nikikushinda, unangoja mwezi uishe kama wengine. Nitakupa weupe, uanze wewe. Huwezi kusema sikukupa kitu."

Ningeweza kupiga magoti. Nilifikiri baadaye kwamba huenda angenipa karatasi kama ningepiga magoti. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kitu ndani yangu kiliruka kwa furaha, naandika haya kwa aibu, kiliruka kwa furaha. Nilitoka pale nikamwambia shemeji arudi asiningoje.

"Mwambie Papa nakuja. Jumatatu asubuhi nitakuwa njiani."

"Wamekupa karatasi?"

"Watanipa Jumapili."

"Nimuambie hakika?"

"Mwambie hakika."

Alilala siku moja, akapumzisha miguu, na Jumamosi alfajiri akashika njia.

Siku zile tatu muuguzi na mimi hatukucheza. Tulichagua. Yeye alikaa upande wa Mzungu na kucheza kama Mzungu.

"Ule mwanzo yako ya kupenda, sahau," alisema mara moja. "Ile inataka mwenzako akujibu sawasawa, hatua mbili. Bwana alishakujibu vile hata mara moja?"

Sikukumbuka. Kisha nikakumbuka: hapana. Msimamizi siku zote alisogeza mpagazi wake hatua moja tu, kisha akamweka mwingine kando yake, akafunga katikati ya ubao kama mtu anayepigilia ubao mlangoni.

"Muntu mwenye moto asichague mwanzo sababu iko muzuri," muuguzi alisema. "Achague yenye itamukuta yule muntu kwake, ndani ya nyumba yake."

Tulijaribu kubadilishana wapagazi wa katikati. Ubao ukawa mtupu na kimya, ukumbi wa wazee, nami nikaanza kusinzia. Tulijaribu kungoja na kuwatoa farasi wote wawili, na hapo nilianza kukosea kwa papara. Mwishoni tulibaki na njia moja: mpagazi wangu wa mbele ya mwami aende mpaka ndani ya nchi ya adui na kukaa pale kama mwiba, amnyime farasi wake nafasi ya kumlinda mwami wake, na yule mwenzake wa katikati, aliyekuwa anamshikilia, nimtoe. Nimwache aliwe. Wakati Mzungu anapoteza hatua kumla, kichaa wangu na malkia wangu watakuwa wanatazama upande alikojificha mwami wake.

"Hii njo yako," muuguzi alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameingiwa na homa yangu. "Lakini neno moja. Mbele ya kupiga, umufiche mwami. Iko hatua moja tu ya kumupeleka kwenye kona."

"Hatua moja ndiyo anayoihitaji yeye kupumua."

"Umufiche."

"Papa, nikimficha nitakuwa nacheza mchezo wako."

Alikusanya vizibo. Jumapili aliniazima koti lake la misa, kwa sababu, alisema, mtu haendi kumwombea baba yake akiwa na shati la kazi. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Mikono ya koti ilinifika kwenye vidole.

Mvua ilikuwa inanyesha pande tatu za baraza ya Mzungu. Ubao wake ulikuwa wa kweli, na watu wake wazito, wenye kitambaa cha kijani chini ya miguu. Tulianza. Mpagazi wangu hatua mbili. Wake hatua moja. Kila kitu kilikwenda kama tulivyopanga dispensari, kwa namna ya kutisha. Alifunga katikati. Mwiba wangu ukaingia. Nikamtoa yule wa katikati, naye akamla, akamweka mezani karibu na kiberiti chake bila kumtazama. Mwami wake akamficha kwenye kona, nyuma ya wapagazi watatu, akaegemea kiti.

Wangu nilimwacha katikati, mahali alipozaliwa.

Kisha nikampeleka kichaa. Alimla mpagazi aliyesimama bega kwa bega na mwami wake, akabaki pale peke yake, bila mlinzi. Mzungu alicheka kidogo. Alimla kichaa wangu kwa mwami wake, hakuwa na la maana zaidi. Farasi wangu akaruka, akamwambia mwami arudi, na mwami akarudi kwenye kona. Sasa ilibaki hatua moja: malkia wangu akimbie njia nzima mpaka ukingo wa ubao, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Tulikuwa tumeiona dispensari mara kumi. Mzungu naye aliiona. Nilimwona akiiona. Uso wake ulikuwa mwekundu kuanzia shingoni.

Aliinuka, akaenda kwenye meza ndogo, akamimina maji ya limau katika glasi. Akarudi, akaninyoshea juu ya ubao.

"Kunywa, karani. Umecheza vizuri."

Jumapili sita hakuwa amenipa hata maji. Mpaka leo sijui kama alijua alilolifanya.

Kwetu mkubwa akikupa kitu hukipokei ukiwa umekaa, wala kwa mkono mmoja. Unainuka, unanyosha wa kulia, na wa kushoto unaushika wa kulia chini ya kiwiko, ili aone kwamba mikono yako yote miwili iko kwake. Mama alinifundisha hivyo kwa kunipiga kofi dogo kila nilipopokea kiazi kwa mkono mmoja, na mwili wangu ulikuwa umejua jambo lile kabla akili yangu haijajua chochote. Niliinuka. Nilinyosha mkono. Wa kushoto ulipokuja kuushika wa kulia, mkono mrefu wa koti la muuguzi ulifagia ubao, na mwami wangu, aliyesimama katikati, wazi, mbele yangu kabisa, akaanguka.

Alibingirika mpaka ukingoni. Niliweka glasi. Nikamwokota kwa mikono miwili, kwa haraka, nikamrudisha mahali pake. Kwetu mwami haachwi amelala chini mbele ya watu, hata wa mti.

"Umeshika," Mzungu alisema.

"Bwana, ameanguka."

"Kuanguka si kitu. Ungemwacha, mimi ningemwinua. Lakini wewe umemshika, na hukusema neno." Sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Aliyeshikwa anachezwa, karani. Si mimi niliyetunga."

Kumbe kuna neno ambalo mchezaji hulisema kabla ya kumgusa mtu aliyekaa vibaya ubaoni, na akishalisema halazimiki kumcheza. Nililijua miaka mingi baadaye, mjini. Padri hakuwahi kumfundisha muuguzi, au muuguzi alilisahau, kwa kuwa vizibo vyetu vilianguka mara kwa mara na hatukuwa watu wa kushikana mashati.

Nilimsogeza mwami wangu hatua moja kando, hatua isiyokuwa na kazi. Mzungu hakufikiri hata kidogo. Alimchukua mmoja wa wapagazi wake wawili waliobaki mbele ya mwami, akamsogeza hatua moja. Basi. Mpagazi mmoja, hatua moja, akasimama mahali ambapo malkia wangu hakuweza tena kupita bila kufa. Niliutazama ubao. Nilikuwa nimetoa mpagazi, nimetoa kichaa, na farasi wangu alikuwa amesimama kwenye nchi ya watu kama mgeni aliyeambiwa mwenyeji hayupo. Nilicheza kwa muda mrefu baada ya hapo. Nilishindwa kabla mvua haijakoma.

"Ulianza vizuri," Mzungu alisema, akiwarudisha watu sandukuni. "Mwezi ukiisha, njoo uchukue karatasi."

Muuguzi alikuwa ananingoja mlangoni mwa dispensari. Alisoma uso wangu, akanivua koti kama anamvua mgonjwa. Nilimweleza yote. Alikaa kwenye benchi, kati ya wenye kukohoa.

"Nilikuambia umufiche," alisema. Kisha akasema, chini chini, "Na ile neno sikukufundisha. Ile iko yangu."

Karatasi nilipewa mwisho wa mwezi, na muhuri wake, bila kuombwa maneno zaidi. Nilitembea siku nne. Pinga askari waliisoma wakanirudishia. Nilipita daraja la kamba, nikapanda mlima, nikafika Kitshanga, nikauacha msitu nyuma na milima yetu ikafunguka, kijani, mmoja nyuma ya mwingine. Sikuweza kuitazama.

Mama alikuwa shambani, anapalilia maharagwe. Kaburi lilikuwa juu ya shamba, udongo wake umeshaanza kushikana. Alinikumbatia, hakulia, akanipeleka nyumbani akanipa kiti cha baba. Sikukikalia.

"Shemeji yako alifika Jumanne magaribi," alisema. "Akatuambia uko njiani tangu Jumatatu. Papa alifurahi. Alikuwa hasemi tena, lakini alisema. Akasema, basi jana mutoto alilala Pinga. Leo anavuka daraja. Jumatano akasema, sasa anapanda, pale kwenye majabali, atue mzigo kidogo. Tulimwambia kwamba hauna mzigo. Akasema kila muntu wa ile njia iko na mzigo."

Nilibaki nimesimama kando ya kiti.

"Alhamisi asubuhi akasema, amefika Kitshanga. Akasema nichemshe maji, utafika na miguu imevimba, nikuoshe. Nikachemsha. Kila muntu alipita kwenye njia, Papa aliuliza, njo yeye? Mchana ikapita. Maji ikapoa, nikachemsha tena." Mama alitazama mikono yake. "Nilikuwa nje, natazama njia yako. Niliporudi ndani alikuwa amekwenda."

Jikoni chungu kikubwa cha kuchemshia maji kilikuwa kimesimama pembeni, kimeinamishwa.

"Kazi gani ilikuzuia, mutoto yangu?" aliuliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua tu.

Nilisema kazi ya ofisi. Akaitika kwa kichwa. Kisha akaniambia, kwa kuwa alidhani nitapenda kujua, kwamba maji yale hayakumwagwa. Ndiyo waliyomwoshea baba.